Glavu Namba Nane

Nina mikono mikubwa. Tangu shule ya uuguzi wenzangu walinitania kwamba Mungu alikusudia niwe fundi wa matofali, akaghairi dakika ya mwisho. Glavu za kuzalishia ninazovaa ni namba nane, namba ya wanaume, na katika kituo chetu cha afya huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kila aliyefanya kazi nami alijua kwamba kabla ya kuniita chumba cha uzazi ni lazima atafute kwanza pakiti ya namba nane. Asipoitafuta, atanisikia. Naanza na glavu kwa sababu nikianza moja kwa moja na nililolitenda, najijua, nitaifunga kalamu na kwenda kuosha vyombo.

Nilikuwa titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo. Daktari tulimwona mara moja kwa juma, akikumbuka kuja. Siku nyingine zote mimi ndiye niliyekuwa daktari, mwalimu na hakimu. Kila asubuhi saa moja na nusu tulikusanyika kwenye korido, na waliokesha wakasoma ripoti: nani amezaa, nani ana homa, dawa gani imekwisha. Na kabla hatujatawanyika, kama kulikuwa na mtu wa kukaripiwa, nilimkaripia hapo hapo mbele ya wote. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi na waliokuwa wakubwa wangu, nami nilijisifu kwamba simsengenyi mtu. Nilisema usoni. Nilidhani huo ndio uadilifu.

Yule binti alikuja kwetu akiwa na diploma mpya na viatu vyeupe vilivyosuguliwa. Alikuwa anakaa mtaa wa Bel-Air na wazazi wake, watu wa asili ya mkoa wa Kasai, na ingawa alibadilisha basi mara mbili kufika Katuba, alifika kabla ya wale wanaokaa mtaa wa nyuma. Nilimpenda kuanzia juma la kwanza, na nieleze kwa nini: alikuwa na mkono wa mshipa. Mtoto mchanga aliyekaukiwa maji, ambaye sisi wengine tungemchoma mara nne na kumwacha akilia, yeye aliugusa tu mkono wake kwa kidole, akafumba macho kidogo, na sindano ikaingia mara moja. Akina mama walianza kumwulizia. Mimi nikaanza kumwita "mwanangu", jambo ambalo siwafanyii wengi.

Mama yake alikuwa na duka dogo la vipodozi. Mafuta, sabuni, losheni, vyote vikitoka Kasumbalesa, mpakani, na ukiangalia vizuri rafu ya chini ungeyaona makopo yale ambayo hakuna anayeyaulizia kwa sauti: mafuta ya kumfanya mtu awe mweupe. Najua yalikuwa rafu ya chini kwa sababu mimi nilikuwa mteja. Nilikuwa na kopo langu kabatini, nyuma ya mashuka, na nilijipaka usoni tu, kidogo tu, kwa ajili ya madoa, kama wasemavyo wote wanaojipaka. Hilo nilikuwa sijalisema popote mpaka leo.

Mwezi wake wa tano au wa sita hivi kazini, nikaanza kuiona mikono ya yule binti. Mgongo wa mkono ulikuwa mwekundu, ngozi inabanduka, na viungo vya vidole vimekuwa vyeusi na vigumu. Kwetu Lubumbashi, mwanamke mwenye mikono ya namna hiyo hana haja ya kujieleza, mtaa mzima umeshamweleza. Mafuta yale hung'arisha mahali pote isipokuwa viungo vya vidole, na ndipo siri inapotokea. Nikaunganisha mikono na duka la mama yake, nikaongeza na yale tunayoyasema sisi wenyeji kuhusu watu wa Kasai, kwamba wanapenda kung'aa, na hesabu yangu ikakamilika. Nilinyamaza juma zima. Kwa mtu kama mimi, hiyo ni saumu.

Yeye ndiye aliyenifuata, ameshika jozi ya glavu, mchana mmoja nilipokuwa napanga dawa kabatini.

"Maman, niko na neno moja. Ni hii bagants njo inaniwasha. Nikivaa dakika kumi tu, mikono yote inavimba. Kule mu carton kuko zile za plastique. Niweze kutumika na zile?"

Zile za plastiki zilikuwa msaada wa mtu fulani, nyepesi, zinachanika haraka. Nilikuwa nimeziweka kwa kazi ndogo ndogo. Na sikupenda kudanganywa.

"Gants?" nikamwambia. "Miye navaa gants tangu ukingali mu tumbo ya mama yako. Gants haichomake muntu. Ni mafuta ya mama yako njo inakuchoma."

"Miye sijipakalake mafuta, Maman," akasema, bila hasira. Nikamrudishia mgongo na kuendelea kuhesabu vidonge.

Ningeishia hapo, labda leo ningelala vizuri. Lakini siku chache baadaye mama mmoja aliyeleta mtoto kupimwa uzito alikataa kumtoa mikononi. Alimwonyesha yule binti kidole, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni kwamba mwanawe hatashikwa na mtu mwenye vidonda. Niliona aibu, aibu ya kituo changu. Kesho yake kwenye ripoti nikasimama.

Nakumbuka kila neno, kwa bahati mbaya. Nilisema kwamba muuguzi mwenye mikono ya namna ile anafukuza wagonjwa. Nilisema anayetaka kuwa mzungu akafanye hivyo nyumbani kwake siku ya Jumapili. Nikasema kuanzia siku ile asiguse mtu bila glavu, za mpira, si za plastiki, kuanzia anapoingia hadi anapotoka, ili wagonjwa wasiione ile mikono. Na nikamwamuru mwandishi wa zamu aliandike agizo hilo katika daftari la ripoti. Watu walicheka, maana nilisema kwa namna ya kuchekesha, nami hupenda kuchekesha. Waliocheka walikuwa wote, isipokuwa wawili: muuguzi wetu mzee, ambaye sote tulimwita Papa, na mama wa usafi, ambaye alisimama mlangoni na mikono yake ndani ya mifuko ya aproni, kama alivyozoea.

Binti hakulia. Alisema, "Ndiyo, Maman," akaenda kuchukua boksi.

Akatii. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lote, kwamba alinitii kabisa. Saa nane kwa siku mikono yake ilikaa ndani ya mpira na unga ule mweupe unaotia glavu utelezi. Boksi jipya likifunguliwa alipiga chafya mara saba, mara nane, macho yakatoa machozi, nasi tukamcheka kwamba mtoto wa Bel-Air hajazoea vumbi la Katuba. Mchana tulikula pamoja bukari, yaani ugali, na mboga za lengalenga, na siku nyingine mtu akaleta parachichi. Binti alilikataa. Alisema parachichi linamwasha mdomo, hata ndizi siku hizi zimeanza kumwasha. Nikamwambia basi ale nyama kila siku kama mke wa waziri. Dalili zote za mtu ambaye mwili wake unaukataa mpira, hata hayo matunda, zilikaa mezani kwetu, katikati ya sahani, na mimi, mwenye miaka thelathini ya kazi, nilizifanyia mzaha.

Niseme ukweli wote. Wakati fulani aliniomba nimpe kazi ya kuandikisha wagonjwa, asishike mtu kwa muda. Wakati huo alikuwa ameolewa, ana mimba ya kwanza, na mikono imepasuka mpaka inatoa damu. Nilikataa. Nilihitaji mkono wake wa mshipa.

Alikuja kuzaa kwetu. Angeweza kwenda kokote, lakini alisema anataka kuzalishwa na mimi, nami nilivimba kichwa kwa furaha. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linaingia dirishani, uchungu unaenda vizuri. Nikatafuta pakiti yangu nikawa siioni, nikaanza kufoka, na yeye akacheka katikati ya uchungu.

"Namba nane iko ku étagère ya juu, Maman. Njo nilikuwekea kabla sijalala."

Nikaitoa rafuni, nikanawa, nikavaa, nikampima njia ya uzazi. Zilipita dakika tano, sidhani kama zilifika. Kwanza akasema anawashwa huko chini. Kisha akajikuna tumbo, na nikaona mabaka yamejitokeza tumboni, mekundu, yanapanda kuelekea kifuani. Midomo ikaanza kuvimba. Akaanza kukohoa kikohozi kikavu, na pumzi ikawa inapiga filimbi. Nilimwita Papa kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tangu hapo. Na katika kumtuliza nilimshika uso kwa mikono yangu yote miwili, nikawa nampapasa mashavu, nikimwambia pumua mwanangu, pumua. Kila mahali nilipomgusa palivimba. Niliona kwa macho yangu. Alama za vidole vyangu vikubwa zilikuwa zinainuka kwenye uso wake, nami bado nilikuwa nampapasa.

"Toa," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba mno. "Toa gants, Maman."

Nikazivua. Nikakimbilia beseni, nikasugua mikono mpaka viwiko. Papa alikuwa ameshavuta adrenalini. Alimchoma pajani bila kuuliza mtu, akamlaza kwa ubavu wa kushoto, akafungua maji ya mshipa. Naye alikuwa na mikono mitupu. Dakika zile sizielezi. Shinikizo la damu lilishuka mpaka sikulisikia, Papa akamchoma mara ya pili, na taratibu, kama gari bovu linalosukumwa, pumzi ikashika tena. Moyo wa mtoto tuliusikia, lakini ulikuwa unakwenda polepole. Jirani mwenye gari akaitwa, ili tumpeleke hospitali kubwa.

Na hapa ndipo penye dhambi yangu yenyewe. Yale ya mwanzo yalikuwa ujinga na kiburi, na ujinga mtu anaweza kuuombea radhi. Mgonjwa anayehamishwa hubeba barua, na barua naiandika mimi. Nikaketi. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilijua sababu, mgonjwa mwenyewe alikuwa ameitaja kwa pumzi yake ya mwisho mwisho. Lakini nilijua pia kwamba kwenye daftari la ripoti, rafuni nyuma ya kichwa changu, kuna agizo langu, glavu za mpira kuanzia anapoingia hadi anapotoka. Nikaandika: "Mzio mkali. Sababu haijulikani. Labda chakula." Nikapiga muhuri. Nikamwekea barua ile juu ya kifua, na yeye akaishika.

Fikiria nilikuwa nampeleka wapi. Nilikuwa nampeleka mahali ambapo watu kumi wenye glavu za mpira walikuwa wanamsubiri, na nikamnyima neno moja ambalo lingewazuia.

Aliyemwokoa ni Papa. Alipanda naye garini, na kule akasimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji akasema kwa mdomo kile nilichokikataa kwa kalamu. Walimpasua kwa glavu nyingine. Mtoto alichelewa kulia, lakini alilia. Papa aliporudi jioni ile aliniambia, "Biko bazima, bote babili," akaenda kuning'iniza koti lake. Hakuniuliza kitu kuhusu ile barua, wala siku ile wala mpaka alipostaafu. Ningefurahi kama angenitukana.

Binti hakurudi kazini. Ilikuja barua fupi, anaacha kwa sababu zake binafsi, anashukuru. Nikasikia yupo dukani kwa mama yake. Mwenye mkono wa mshipa alikuwa sasa anauza yale mafuta niliyomsingizia, kwa sababu hapakuwa na kazi ya uuguzi ambayo ingemfaa bila glavu. Nilibadilisha njia ya kwenda sokoni ili nisipite pale. Kopo langu la nyuma ya mashuka nililitupa kwenye shimo la choo. Hilo halikunisaidia kitu. Kila mara nilipovaa namba nane niliuona uso ule.

Zaidi ya miaka miwili ilipita. Ikawa siku ya kliniki ya wajawazito, kiangazi, vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya kabati za dawa. Nikainua kichwa kuita mgonjwa anayefuata, na ni yeye, tumbo limeshafika mwezi wa nane. Alinisalimia kwa heshima ile ile. Akakaa, akatoa mkobani boksi la rangi ya bluu, akaliweka juu ya meza.

"Hizi hazina ule mupira," akasema. "Mama alizitafuta ng'ambo ya Kasumbalesa. Ni za kwako."

Nikaligeuza boksi. Pembeni pameandikwa nane.

Nilitaka kusema jambo kubwa na badala yake nikasema, "Unakumbukaka namba yangu." Akatabasamu kidogo. Ndipo nikaanza, nikamwambia kuna barua moja niliyoiandika siku ile, na kwamba kila siku tangu hapo...

"Niliisoma, Maman. Mu motokari. Ilikuwa mu mikono yangu, sasa nisisome?"

Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza. Alipokuwa amelala garini, uso umevimba, hajui kama atafika, alisoma maandishi yangu yanayosema labda chakula.

"Sasa juu ya nini unarudia kwangu?" nikamwuliza.

"Juu ya vile kule ku hôpital batu banabadilishana kila siku. Kila muntu nitamuelezea upya, na mumoja atasahau. Weye hauwezi kusahau."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya sabuni. Hakuwa amekuja kunisamehe wala kuniadhibu. Alikuwa amekaa chini akafikiri ni mikono ipi Lubumbashi nzima iliyo salama kwake, na akakuta ni ya yule aliyekaribia kumwua. Nililia, na yeye akanisubiri nimalize, maana foleni ilikuwa ndefu.

Kisha akasema ana neno moja la kuomba. "Useme pa rapport. Mbele ya bote. Kama vile ulisema ile siku."

Nikamwahidi. Usiku ule nilijaribu maneno mengi ya kujipunguzia, na asubuhi sikutumia hata moja. Ripoti ilipokwisha nikasimama, na wakanyamaza kwa woga, wakijua kuna mtu atakaripiwa. Nikafungua daftari la ripoti la zamani, nikawasomea agizo langu. Nikasema muuguzi yule hakuwa akijipaka mafuta. Aliyekuwa akijipaka ni mimi. Nikasema aliniambia ukweli kuhusu glavu nikamfanya kichekesho, kwamba nilimwekea mikono ya mpira usoni, na kwamba nilidanganya kwa maandishi ili nisionekane. Nikasema atazalia hapa mwezi ujao, na boksi la bluu haliguswi kwa kazi nyingine, na chumba kitaoshwa kwanza, kila chembe ya unga itoke. Nikaandika hayo yote daftarini kwa mkono wangu. Hakuna aliyecheka.

Wakaanza kutawanyika. Mama wa usafi alibaki mlangoni. Ni mtu mzima kuliko mimi, amesugua sakafu za kituo kile tangu siku kilipofunguliwa, na hazungumzi sana. Akaitoa mikono yake mifukoni. Ilikuwa imepasuka mpaka kwenye viganja, myekundu, viungo vyeusi, kucha mbili zimekufa.

"Miye pia, Maman," akasema. "Ni bagants."

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu yule mutoto wa Bel-Air hajaanza kazi hapa. Nilitaka kukuambia. Kiisha nikasikia vile ulimusema, nikasema, miye muzee hivi, batanicheka namna gani?"

Nilichukua boksi la bluu nililotoka kusema haliguswi. Nikalifungua, nikamvalisha jozi ya kwanza mwenyewe, kidole kwa kidole, polepole kwa sababu ya vidonda. Zilikuwa kubwa mno kwake.